Mfupa Wangu Ukutani kwa Maalima

Nilikabidhiwa kwa mwalimu siku ya Alhamisi alasiri, na laiti ingekuwa siku nyingine yoyote, nisingeogopa kama nilivyoogopa. Alhamisi alasiri chuo cha Kurani hufungwa mpaka Jumamosi. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda kwao, na nyumba ilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Aliyenileta alikuwa ami yangu, mdogo wake baba. Tulikuwa tumetoka Unguja kuja Maskati, Omani, mwaka ule ule wa mapinduzi, mimi nikiwa na miaka saba. Baba hatukuwa naye tena. Hilo nalitaja mara moja na sitalirudia. Mama alibaki nyuma kumuuguza bibi, ambaye hakuweza hata kukaa kitako, seuze kupanda meli. Asubuhi ya kuondoka mama alinifunga mtandio, akaniambia, "Tangulia na amiyo. Nnakuja kukuchukua."

Alipokuwa akisema hivyo vidole vyake vilikuwa juu ya mtulinga wangu, mfupa huu wa chini ya shingo. Niliuvunja nilipokuwa mtoto wa kutambaa, nilipoanguka kitandani, na fundi aliyeuunga alikuwa na haraka zake, ukaacha kinundu upande wa kushoto. Mama alikuwa na mazoea ya kukipapasa kinundu kile akinisemesha, kama mtu achezeaye tasbihi. Nilikuwa nikiudhika na kumtoa mkono. Maskati nikajifunza kukipapasa mwenyewe.

Ami alikuwa amepata kazi Kuwait, kwani Maskati ya siku zile haikuwa na kazi ya kumpa mtu. Mtoto wa kike hawezi kuchukuliwa akakae chumba kimoja na wanaume wasiohesabika. Watu wakamwelekeza kwa mwanamke mmoja mjane aliyefundisha Kurani nyumbani kwake, ndani ya ukuta wa mji, na aliyekuwa akiwalaza na kuwalisha watoto wasio na kwao. Kila mtu alimwita Maalima. Alikuwa Mwarabu wa huku huku, lakini ujanani aliolewa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

Ami hakukaa. Ngoma ya kwanza ya jioni ilikuwa karibu kulia, na baada ya ngoma ulipigwa mzinga, na baada ya mzinga milango ya mji ilifungwa. Naye alikuwa amepanga kulala Matrah, nje ya ukuta. Akasimama kizingitini, akanisukuma mbele kidogo.

"Maalima, nnakukabidhi mtoto huyu mbele ya Mungu," akasema. "Nyama yako, mifupa yangu."

"Nimepokea," akajibu Maalima.

Ami akanibusu kichwani, akaenda zake. Leo najua kwamba hayo ni maneno ya desturi. Mzazi humwambia mwalimu hivyo kumpa ruhusa ya kumrudi mtoto, almuradi asimvunje. Lakini mimi Unguja nilisomeshwa na bibi yangu mwenyewe, jikoni, huku akipepeta mchele. Hakuna aliyewahi kunikabidhi kwa mtu, wala kunigawa vipande.

Maalima akanishika mkono akaniingiza ndani. Chumba cha kusomea kilikuwa kirefu, kina mikeka, na dirisha moja lenye nondo. Na ukutani, kwenye vigingi vya mti, ilitundikwa mifupa.

Ilikuwa mifupa mipana, bapa, mikubwa kwa midogo, kila mmoja umetobolewa na kutiwa kamba. Kila mmoja ulikuwa umeandikwa kwa wino mweusi, na juu kabisa palikuwa na jina. Herufi nilizijua, bibi alinifundisha. Nikasoma jina la mvulana, jina la msichana, la mvulana tena. Watoto wenyewe hawakuwapo. Kigingi cha mwisho, karibu na mlango, kilikuwa kitupu.

Sikulia. Mtoto aliyetoka tulikotoka sisi mwaka ule alikuwa amekwisha kujifunza kwamba kulia kunaonyesha ulipojificha. Nilisimama tu, mkojo ukanitoka, ukalowesha suruali mpaka kwenye visigino. Maalima akaona, akadhani ni uchovu wa safari, akanipeleka kuniosha. Alinisugua mabega na mgongo kwa dodoki, na kila alipofika kwenye mfupa nilihisi kama anaupima.

Halafu mzinga ukalia. Hakuna aliyenitahadharisha. Mlio wa mzinga ndani ya mji uliozungukwa na majabali hauendi mbali ukafifia, unagonga jabali hili na kurudi kutoka lile. Niliingia chini ya kitanda, nikabaki huko mpaka asubuhi. Maalima alijaribu kunivuta mara moja tu, kisha akanisukumia blanketi.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Nyumbani mle alikuwa akilala pia msichana mmoja yatima, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa, mwenye ulimi mrefu kuliko nywele zake. Yeye na Maalima walipika wali na nyama ya mbuzi. Tukakaa sinia moja. Maalima akachambua minofu, akanisogezea upande wangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Huna nyama hata kidogo, nimekuosha nimeona."

Nikaitazama ile minofu. Nyama yake, ndivyo alivyosema ami, na sasa mwenyewe anaitengeneza. Nikafunga kinywa. Yule msichana mkubwa akala ya kwake na ya kwangu, akaniambia kwamba nikiendelea hivyo nitapeperuka na upepo wa kaskazini. Nilikaa na njaa siku nzima, nikiamini kwamba kukonda ndiko kutakakoniokoa.

Wajukuu zangu wa Al-Khoudh, mtaa wa Maskati ya leo, wanaopelekwa shule kwa basi lenye kiyoyozi, hucheka ninapowasimulia mpaka hapa. Nami huwaacha wacheke, maana Jumamosi asubuhi hata mimi nilitaka kucheka. Watoto waliingia wakikimbizana, wenye majina na wenye miili, na kila mmoja akautungua mfupa wake akakaa nao mkekani. Ilikuwa mifupa ya mabega, ya ngamia kwa wakubwa na ya mbuzi kwa wadogo. Wengine waliandika juu yake kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, wengine waliiosha na kumwaga maji yake chini ya mlimau ambapo hapakanyagwi. Unguja tulitumia ubao. Basi huku ubao wao ndio huu, nikajiambia.

Maalima akaleta mfupa mpya, mweupe, akaandika jina langu juu yake. Nikaupokea kwa mikono miwili. Ndipo nikainua macho ukutani, nikaona kwamba vigingi havikuwa vitupu vyote. Mfupa mmoja, wa mbuzi, ulibaki pembeni. Wino wake ulikuwa umefifia na jina lilikuwa la msichana. Hakuna aliyeutungua.

Nilimwuliza yule msichana mkubwa tulipokuwa tukichota maji.

"Huo wa mtoto wa watu wa Sur, mji wa mabaharia," akasema. "Alikabidhiwa hapa kama wewe. Akashikwa na homa, tukamzika. Babake yuko safarini, hana khabari. Maalima anamngoja."

"Kwa nini asiutoe tu?"

"Amana hairudishwi kwa jirani, we mtoto."

Akanieleza desturi ya nyumba ile. Mtoto akihitimu Kurani, mfupa wake hapewi yeye mwenyewe. Maalima huutungua akamkabidhi mzazi mkononi, akimwambia, "Mifupa yako hii, na nyama yake juu." Hivyo ndivyo alivyojivua dhamana. Na kama mzazi hajafika, mfupa hukaa ukutani. Msichana akayasema yote hayo huku akivuta kamba ya ndoo, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika uji.

Khofu yangu ya Alhamisi ilikuwa ya kitoto, ikaisha Jumamosi. Hii ya kisimani sikuwa na namna ya kuiaga, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Ami akaoa Kuwait. Salamu zake, ambazo wasafiri walikuwa wakituletea, zikapungua, kisha zikakatika. Kutoka Unguja hakikuja kitu. Kila nilipomsikia mtu mpya mjini anayesema Kiswahili nilimfuata njiani nikamwuliza kama amemwona mama, nikamtajia mtaa wetu na rangi ya mlango wetu. Wengi walinitazama kwa huruma wakanipa haluwa. Mpaka leo siwezi kula haluwa.

Nisimsingizie Maalima. Alitulea. Alikata kucha zetu Ijumaa, alitupaka mafuta ya nazi, alitufundisha kutia udhu kwa kibuyu kimoja cha maji na kubakisha. Bakora yake ya kuti ilikuwa ndefu kiasi cha kumfikia wa mstari wa nyuma bila yeye kuinuka, lakini aliyechapwa asubuhi ndiye aliyelishwa kwanza mchana. Nami nilikuwa hodari. Chuoni huanzia sura fupi za mwisho, ukapanda mpaka al-Baqara, ambayo ndiyo ya kuhitimia, na nilipanda kama mbuzi juu ya jabali. Maalima alijivunia mimi mbele ya wageni.

Kisha mvulana mmoja wa chuoni kwetu akahitimu, nami kwa mara ya kwanza nikaenda kwenye taimina. Ndiyo sherehe ya huku ya kuhitimu: mtoto huvishwa nguo mpya, akatangulizwa, na chuo kizima humfuata vichochoroni, mmoja akisoma dua na sisi wengine tukiitikia, "Amin." Tulipita mtaa hadi mtaa kwa furaha, sauti zimetukauka. Mwishowe tukasimama mlangoni kwao. Baba yake akatoka, mama yake akachungulia nyuma ya pazia, Maalima akamkabidhi baba ule mfupa.

Nikiwa katikati ya wenzangu, na "Amin" bado iko mdomoni, nikajiuliza: Maandamano yangu mimi yatasimama mlango gani? Nikawaona watoto wakizunguka mji mzima na mimi mbele na nguo zangu mpya, wakitafuta mlango wangu, wakichoka, wakienda zao mmoja mmoja. Nikaona mfupa wangu ukirudishwa kwenye kigingi, karibu na ule wa mtoto wa Sur. Yeye alikwisha kufa na hakuna aliyekuja. Mimi nilikuwa hai na hakuna aliyekuja. Sikuiona tofauti.

Basi nikaamua kutohitimu. Karibu na mwisho wa al-Baqara kuna aya moja ndefu kuliko zote, inajaza ukurasa mzima, na hata watu wazima huishiwa pumzi humo. Nilipoifikia nikaanza kukosea. Siku moja niliruka neno, siku nyingine nilirudia, siku nyingine nilinyamaza katikati nikatazama mkeka. Maalima alinisahihisha, akaninunia, akanichapa. Bakora ile haikuniuma kama ule mlango usiokuwapo. Akanirudisha nyuma, nikasoma upya vizuri kabisa, nikafika pale pale nikakwama. Watoto walionikuta nikiwa mbele yao wakanipita, wakahitimu, na mimi nikawaitikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Yule msichana mkubwa alipoolewa, bibi yake alikuja kutoka milimani juu ya punda kuchukua mfupa wake. "Umekuwa mzito wa kichwa siku hizi," akaniambia akiniaga. "Ulikuwa na akili ulipokuwa huli."

Maalima alinigundua kwa bahati. Nilikuwa uani, mikono ndani ya maji ya kufulia hadi kwenye viwiko, peke yangu, na mimi nikifua husoma, ndiyo tabia niliyorithi kwa bibi. Nikaisoma aya ile yote kwa mahadhi ya bibi, bila kuruka hata herufi, nikaimaliza, nikaanza ya pili. Nikahisi mtu. Maalima alikuwa amesimama kando ya mlimau, mkono umeziba mdomo.

Kumchezea mwalimu kwa maneno ya Mungu, nilijua ni jambo la kufukuziwa, na nikifukuzwa pale hakuna mlango mwingine Maskati nzima uliokuwa ukinijua. Nikaacha nguo, nikanyosha viganja vichapwe.

"Tangu lini unaijua?" akauliza.

"Zamani."

"Sasa kwa nini unanihangaisha mtu mzima?"

Nami nikamwuliza, "Nikihitimu, utampa nani mfupa wangu?"

Aliketi juu ya jiwe la kufulia, kwenye majimaji, na kanzu yake safi. Nilidhani anatafuta namna ya kunifukuza. Kisha akanishika viganja vile nilivyovinyosha, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, akanirudishia.

"Basi kosea, mwanangu," akasema. "Lakini kosea pale pale siku zote, nisije nikachanganyikiwa mbele za watoto."

Toka siku hiyo tukawa wawili katika jambo lile. Kila asubuhi nilifika kwenye neno langu nikajikwaa, naye akasema, "Mh, leo tena," akageukia mwingine. Jirani zake walimwambia kwamba mtoto huyu wa Kiswahili ana ugonjwa wa kusahau, asomewe. Akawajibu kwamba anasomewa. Akanipa wadogo niwafundishe, ili nisiwe bure. Lakini khofu haikupungua kwa kuwa na mwenzio. Usiku niliwaza: na Maalima akifa? Alikuwa ameanza kukohoa na kushika kiuno. Akifa yeye, nani atajua mfupa upi ni wa nani, na nani anangojwa?

Mwaka wa sabini nchi ikapata mtawala mpya. Milango ya mji ikaacha kufungwa usiku na mzinga ukanyamaza. Watu walishangilia barabarani. Mimi, niliyeuogopa mzinga ule miaka yote, nilikuwa nikishtuka kila jioni kwa kutousikia. Watu wa Unguja wakaanza kuja, kwanza mmoja mmoja, kisha familia nzima na masanduku yao. Nikaacha kuwafuata njiani. Niliogopa kuambiwa.

Alikuja asubuhi, chuo kimejaa. Niliona buibui mlangoni, mwanamke mfupi, mwembamba, na bunda la nguo miguuni. Akamwamkia Maalima kwa Kiswahili. Akasema alimwacha mtoto wake wa kike aletwe huku na shemeji yake, na ameambiwa yuko nyumba hii. Mimi nilikuwa nimekaa na wadogo. Nilitaka kusimama na miguu haikunitii, kwa sababu sikumjua. Mama yangu niliyemkumbuka alikuwa mrefu.

Naye hakunijua. Macho yake yalipita juu yangu yasisimame, yakatafuta miongoni mwa watoto, yakatua kwa msichana mdogo aliyeketi mbele yangu, wa miaka saba hivi, mwenye mtandio. Akamtazama yule, akamnyoshea mkono. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto aliyemwacha. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku zote za maisha yangu, kwamba atamchukua yule na mimi nitabaki.

Maalima aliona. Lakini amana ni amana, na yeye hakuwa mtu wa kukabidhi kwa kukisia.

"Mwanao tutamjuaje, bibi?" akauliza.

"Ana kinundu hapa," mwanamke akasema, akajigusa mtulinga, upande wa kushoto. "Alivunjika angali akitambaa, akaungwa vibaya."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika pale wenyewe, bila mimi kuutuma. Akauona. Akaja akiwapita watoto, wengine akiwakanyaga, akapiga magoti, akaingiza vidole chini ya mtandio wangu. Vilikwenda moja kwa moja, bila kutafuta, na vilikuwa vya baridi. Alikipapasa tu kinundu kile, akakipapasa, na mimi sikumtoa mkono.

"Soma," Maalima akaniambia.

Nikasoma, na mkono wa mama uko pale pale shingoni. Nilipoikaribia ile aya ulimi wangu ulitaka kujikwaa, ndiyo ilikuwa njia yake ya kila siku, na nikaingia humo. Nikapita. Nikasoma mpaka mwisho wa sura, mpaka lile neno la mwisho, na watoto wote wakaitikia, "Amin," hata wale wasiojua kilichotokea.

Alasiri ile ile wakanizungusha mji. Mama hakuwa na nyumba Maskati, alikuwa na lile bunda tu, kwa hiyo tulipita mitaa yote tukarudi tulikotoka, na Maalima alikuwa amemsimamisha mama kwenye kizingiti chake mwenyewe atupokee. Akautungua mfupa wangu, akaufuta vumbi kwa ncha ya shela.

"Mifupa yako hii, bibi," akasema, "na nyama yake juu, ingawa si nyingi. Nimejitahidi."

Mama akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akainua macho, akaona ule mwingine pale pembeni, wa mbuzi, ambao wino wake sasa haukusomeka kabisa.

"Na ule?"

"Wa mtoto wa watu," Maalima akajibu. "Mzazi wake hajafika bado."

Mama akautazama tena. Akanivuta karibu, vidole vikarudi kwenye mtulinga, na hakuviondoa mpaka tulipokuwa tumetoka nje ya lango la mji.